Barua ya mistari miwili haitatusaidia, daktari

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na madaktari wetu hapa Kisumu, na pia wagonjwa wenzangu wenye wanatafuta upasuaji wa kupunguza uzito na bima imewakatalia.

Mimi niko na kilo 118 na urefu wangu ni mita 1.60. Ukigawanya kilo kwa urefu mara urefu unapata BMI, yaani kipimo cha uzito kulingana na urefu, ya 46. Sukari nilipatikana nayo 2017, presha ikafuata, magoti yote mawili yananiuma hata kupanda matatu ni shida, na usiku bwanangu huniamsha juu pumzi inakatika nikiwa usingizini. Nimejinyima chakula, nimetembea kila asubuhi kutoka Nyalenda hadi Dunga miezi mingi, zinaisha kilo kumi halafu zinarudi kumi na tano. Mwaka jana daktari wa upasuaji akasema nafaa kufanyiwa ile wanaita slivu, yenye wanatoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa chakula.

Bima ya kazini ikataka barua ya daktari. Nikapiga foleni tangu saa moja asubuhi, nikaingia, akaandika kwa dakika mbili hivi: mgonjwa ana uzito kupita kiasi, anahitaji upasuaji, tafadhali msaidieni. Sahihi, muhuri, basi. Wiki tatu baadaye nikajibiwa ombi limekataliwa, ati hayo ni mambo ya urembo. Urembo! Mtu anakosa pumzi usiku halafu anaambiwa anatafuta urembo. Siku hiyo nililia kazini.

Nesi mmoja wa kliniki ya sukari ndiye alinikalisha chini. Akaniambia, mama, yule anasoma hiyo barua hajawahi kukuona, hajui magoti yako, chenye ako nacho ni hiyo karatasi tu. Akaniuliza vitabu vyangu vya kliniki viko wapi, zile eksasaizi tunanunua hapo geti kila moja ikijaa. Nilikuwa nazo saba, kwa kikapu chini ya kitanda. Tukafungua moja moja, na kila ziara tangu 2017 wameandika kilo, presha, sukari, dawa, hata pale nilitumwa kwa mtu wa lishe mara ya kwanza na miezi sita nilifuata chakula chake na kilo zikarudi. Kumbe ushahidi wote nilikuwa naulalia.

Daktari akaandika akitumia hivyo vitabu, barua ya pili ikatoka kurasa mbili. Uzito na urefu umepimwa tarehe gani, BMI, kila ugonjwa ulianza lini na natumia dawa gani, nimejaribu kupunguza kwa njia gani na nani alikuwa ananisimamia, upasuaji wenyewe unaitwaje na kwa nini huo, na nitafuatiliwa vipi baadaye. Ikashikanishwa na majibu ya sukari, ripoti ya usingizi, barua ya mtu wa lishe na ya mshauri wa akili. Wiki iliyopita wamekubali.

Daktari huyo pia alinieleza kuwa kipimo cha nani anafaa kufanyiwa upasuaji huu, cha tangu 1991, ni BMI 40, ama 35 ukiwa na magonjwa kama sukari, lakini 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji wa uzito, ASMBS ya Amerika na IFSO ya kimataifa, vilishusha ikawa 35 hata bila ugonjwa mwingine. Bima yangu bado inatumia ile ya zamani, kwa hivyo uliza yako inatumia gani kabla barua iandikwe. Na soma mkataba kwanza, kama umeandika wazi kwamba matibabu ya unene hayalipwi, hata barua kumi hazitafungua huo mlango, hapo enda uongee na mwajiri.

Madaktari, najua foleni ni ndefu na mmechoka. Lakini hiyo nusu saa ya kuandika ndiyo imebadilisha jibu langu, ugonjwa ni ule ule. Na watu wa bima, si mtupatie tu orodha ya vitu mnataka siku ya kwanza?

Kliniki nilikutana na mama wa Ahero, BMI yake 41, alikataliwa akakata tamaa kabisa, ile barua yake ya mistari miwili bado iko kwa pochi. Nimemwambia Jumanne akuje na vitabu vyake vyote, tutaingia kwa daktari pamoja.

Mama wa watatu,
Nyalenda, Kisumu