Mringaringa haufi kwa ukame peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu miti yetu ya asili. Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko Kiborloni, Moshi. Tangu ule ukame wa mwishoni mwa 2021 uliomaliza mifugo kule Simanjiro, naletewa magogo mengi ya mringaringa na mruka kutoka vihambani, yaani mashamba yetu ya migomba na kahawa ya kando ya nyumba, na maelezo ni yale yale: "Umekaushwa na jua, fundi, tusikose na mbao."

Mbao zenyewe zinaeleza zaidi ya hapo. Nikipasua gogo la aina hiyo nakuta matundu ya wadudu, mengine yanapitisha penseli, yamejaa unga, na kandokando yake michirizi ya rangi ya kahawia inayofuata nyuzi za mti. Huo ni ukungu. Upande wa shinani gamba linabanduka kwa mkono, na chini yake kuna utando mweupe unaonuka uyoga. Wataalamu wanauita ugonjwa huo Armillaria. Hukaa kwenye visiki na mizizi ya miti iliyokatwa zamani, kisha hupita chini kwa chini hadi kwenye mti ulio hai.

Mti wenye nguvu huweza kupigana nao. Mti wenye kiu hauwezi. Maji yakipungua, majani hufunga vinyweleo vyake, na hapo chakula hakitengenezwi cha kutosha. Ukame ukizidi, hewa huingia kwenye mirija ya kupandishia maji, na mrija ulioingia hewa mara nyingi haurudi kazini. Ndiyo maana mti huanza kukaukia kileleni. Utomvu wa kuzibia majeraha nao unapungua, wadudu wanatoboa bila kuzuiwa.

Majeraha hayo mengi tunayatia sisi. Nilikwenda kuutazama mringaringa mmoja Old Moshi kabla haujaangushwa. Mtaro wa bomba la maji ulikuwa umechimbwa hatua chache kutoka shinani, na mizizi minene ya upande mzima imekatwa kwa sururu. Misumari ya mabango ilikuwa bado imo kwenye gamba. Matawi ya chini yalikatwa kwa ajili ya malisho katikati ya kiangazi, wakati mti unayahitaji kuliko wakati wowote. Mti huo ulikuwa umefunika kahawa ya familia ile tangu enzi za babu yao, na leo mibuni iliyokuwa chini yake inaungua juani. Iliniuma sana.

Wala si vihambani tu. Vidukari vya saipresi, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mti, vilionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 vilikuwa vimeshafika Kenya. Havikuishia kwenye saipresi za kupandwa, vinafyonza na mitarakwa yetu ya asili, na madhara huwa makubwa zaidi kiangazi.

Nawasihi wenye vihamba: kiangazi kikikaza, mti mkubwa nao upewe zamu ya maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa asili. Yamwagwe mbali na shina, chini ya ncha za matawi, maana mizizi inayonywa iko huko. Tandazeni majani makavu ya migomba, ila yasigusane na gamba. Visiki vya miti iliyougua ving'olewe pamoja na mizizi.

Kwa halmashauri zetu, ombi langu ni hili. Bwana shamba anapopita kuuliza kahawa na mahindi, aulize na mringaringa. Na kabla kibali cha kukata mti wa asili unaokauka hakijaandikwa, afisa misitu afike, abandue kipande cha gamba atazame chini yake. Akikuta ugonjwa asioujua, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iko Ngaramtoni, Arusha, si mbali na sisi. Magogo mengine niliyoyapasua yalikuwa bado na mbao nzima isiyoharibika upande mmoja, na miti ile ingeweza kuponywa.

Fundi seremala,
Kiborloni, Moshi