Kwa Ester, ndani ya mfuko wa dagaa

Nyegezi, Mwanza
25 Januari 2026

Mpendwa Ester,

Kwanza mfikishie mama yako shikamoo yangu. Mimi ni mzima, hofu ni kwako. Najua umenikasirikia, wiki tatu unatuma ujumbe hupati jibu, na Doto kaniambia ulimuuliza kama nimeolewa kimyakimya. Sijaolewa. Simu nimempa mama yangu aifungie kabatini mpaka mtihani uishe, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono na kuipenyeza barua humu. Dagaa ni wa giza la wiki iliyopita, mama kawachagua mwenyewe Mwaloni pale Kirumba, wakavu, hawana mchanga. Mbalamwezi imeshaanza, wataadimika sasa hivi, kwa hiyo usiwagawe kwa shangazi zako wote.

Ester, nina shida, na ni ya kemia.

Testi ya Desemba nimepata 11 kati ya 30. Anajua mama, na sasa wewe. UE, ule mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula, ni Jumatatu tarehe 9 Februari. Nikishika sapu, yaani mtihani wa marudio, likizo imekwenda, na likizo ndiyo mama ananitegemea mwaloni. Lakini hata zile 11 ningezimeza. Kuna swali moja, la tatu, ambalo mpaka leo nikilala naliona.

Lilikuwa hivi: gramu 14 za nitrojeni na gramu 4 za haidrojeni zinamenyuka kutoa amonia, itapatikana amonia gramu ngapi? Nikatazama 14, nikatazama 4, nikasema haidrojeni ndiyo kidogo, hiyo itaisha kwanza. Nikapiga hesabu, nikaandika gramu 22.7, nikapigia jibu mistari miwili kwa rula.

Karatasi niliiacha mezani. Mama unamjua, shule aliishia la saba, ila mizani anaijua kuliko sisi wote. Akauliza hizi namba ni za nini. Nikamweleza juu juu: viliingia hivi viwili, kikatoka hiki. Akanyamaza kidogo. "Kumi na nne na nne ni kumi na nane. Hizi ishirini na mbili umezitoa wapi? Mimi dagaa wabichi wakipanda kichanjani wanashuka wamepungua. Walioongezeka sijawaona."

Sikuwa na la kumjibu. Miaka yote tumeimba kwamba katika mmenyuko maada haizaliwi wala haipotei. Jina la Lavoisier, mwenye kanuni hiyo, naliandika bila kukosea herufi. Na bado nimetoa gramu 22.7 kwenye gramu 18, sikushtuka, nikapiga na rula.

Usiku ule nikalirudia peke yangu. Moli ni kipimo cha kuhesabia chembe, kama dazeni ya mayai. Moli moja ya nitrojeni ni gramu 28, basi 14 ni nusu moli. Moli moja ya haidrojeni ni gramu 2, basi zile 4 ni moli mbili. Mlinganyo wa amonia unadai moli tatu za haidrojeni kwa kila moli moja ya nitrojeni, kwa hiyo nusu moli inadai moja na nusu tu. Kumbe haidrojeni inabaki! Iliyoisha ni nitrojeni, ile iliyokuwa nzito. Kila moli ya nitrojeni hutoa mbili za amonia, basi nusu inatoa moli moja, gramu 17, na gramu 1 ya haidrojeni imekaa pembeni imekosa mwenza. 17 na 1 ni 18. Nilitaka kumwamsha mama.

Na ujue, jambo hilohilo lilikuwa linatokea hapa sebuleni. Mama hubandika lebo mbili kwenye kila pakiti, mbele na nyuma. Juzi alikuwa na pakiti 50 na lebo 80. Ukihesabu lebo ni nyingi, lakini zilikata kwenye pakiti ya 40, kumi zikabaki uchi. Nilikuwepo, mimi ndiye nilikuwa nabandika.

Sasa kinachoninyima usingizi ni hiki: mangapi mengine nayajua hivyohivyo? Diskasheni yetu tunafungua paspepa, mitihani ya zamani, na majibu yake, mmoja anasoma, wengine tunaitikia, kila mtu anaondoka na uhakika wake. Ukumbini slaidi zinasomwa kwa kasi, sisi tunapiga picha. Nina picha za kozi nzima, Ester. Kidato cha sita pia ilikuwa hivyo, ulikuwa unanieleza nami nasema "eeh, eeh", na wewe uliona, hebu kubali.

Tulikwenda maabara, tukachemsha maji, kipimajoto kikagoma kwenye 96. Nikaomba kingine, nacho 96. Mkufunzi akatwambia tutazame nje dirishani: ziwa lenyewe liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa huku ni mdogo, maji yanawahi kuchemka. Nimezaliwa Mwanza, nimepika ugali Mwanza, na kila mtihani nimeandika 100 bila kutaja ni wapi.

Siku hizi nafunika majibu kwa kitenge, maswali matatu kila usiku, na sifunui mpaka nimejiuliza kama jibu linaingia kwenye mizani. Gesi zinaanza kukubali. Ukutani nimebandika kwamba R, ile namba ya gesi, ikiwa 0.0821 inakwenda na lita na atmosfia, ikiwa 8.314 inakwenda na paskali na mita za ujazo, na joto liwe kelvini kabla ya yote. Elektroni na obiti sina wasiwasi nazo. Asidi na besi bado, na bufa, ule mchanganyiko usioyumba ukiongezwa asidi au besi kidogo, sijaigusa kabisa.

Ndipo ninapokuomba. Lile daftari lako la kijani, unalo bado? Kila swali ulikuwa unaanza kwa kuandika kwa Kiswahili "nimepewa nini, natafuta nini", ndipo unagusa namba. Mimi nilikuwa naazima nanakili mstari wa mwisho tu. Sasa nayataka yale maneno ya mwanzo. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, nitalipokea mwenyewe stendi hapa Nyegezi. Nitalifunga gazeti, halitapata hata tone la chai, nitalirudisha.

Au uje. Daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa tangu Juni mwaka jana, foleni ya kivuko haipo tena, hiyo sababu usinipe. Jumamosi na Jumapili tu. Mama Kulwa ana chumba.

Wewe uliwezaje kujua kwamba hujaelewa? Ulikuwa unasikiaje? Bufa niianzie wapi, kwenye fomula au kwenye maana? Na pale mtihani unapokwama katikati, unaacha unaruka au unabaki? Na mguu wa baba umepona? Yule mwalimu wa Biharamulo bado anapiga simu?

Daftari likipanda basi, mpigie mama umtajie basi gani na saa ngapi. Namba ni ileile. Usimweleze habari za moli, ataanza kukuuliza maswali.

Wako,
Nyamizi