Nashona kofia kwa mkono: niwekewe lenzi ya karibu au ya mbali?

Daktari Mpendwa,

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa miaka 63, mkazi wa Lamu, na kazi yangu tangu usichana ni kushona kofia kwa mkono. Mwezi ujao nimepangiwa operesheni ya mtoto wa jicho, jicho la kulia, huko Mombasa, na kabla ya siku hiyo natakiwa kujibu swali lililoninyima usingizi: ikishatolewa lenzi ya jicho langu iliyofifia, niwekewe ndani ya jicho lenzi ya bandia ya aina gani? Nakuandikia wewe kwa sababu kila aliye karibu nami ana jibu lake, lakini hakuna hata mmoja kati yao anayeshika sindano.

Nimevaa miwani ya kuona mbali tangu nikiwa shule. Kwa miaka mingi namba yangu ilikuwa hasi tatu kwa macho yote mawili, na kila nilipoketi kushona niliivua miwani, nikaisogeza kazi karibu na uso, nikaona kila uzi. Miaka mitatu iliyopita namba ya jicho la kulia ilianza kupanda, ikafika hasi tano na nusu, nami nikabadilisha miwani mara mbili bila nafuu, mpaka nilipoelezwa kwamba mtoto wa jicho anayekomaa katikati ya lenzi ya jicho huweza kuipandisha namba namna hiyo. Jicho la kushoto nalo limeanza, ila bado ni jepesi. Namba yake ni hasi tatu na nusu.

Kilichonitisha zaidi ni rangi. Kofia zangu ni uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na pambo lote hutokana na vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi na kivuli chembamba kinachoachwa na kila mshono. Mwezi wa Shaabani nilishona nusu ya ukanda wa kofia ya bwana harusi kwa uzi wa rangi ya maziwa, nikiamini ni mweupe. Mjukuu wangu wa miaka tisa ndiye aliyeniuliza, "Bibi, mbona huku ni manjano?" Nikaenda naye mlangoni penye mwanga, nikauweka uzi ule kando ya mweupe, na bado sikuona tofauti. Nilifumua kazi ya wiki tatu kwa kufuata kidole chake.

Hospitalini nilipewa njia mbili. Ya kwanza ni lenzi ya monofokali, inayoona vizuri kwa umbali mmoja tu, na daktari alisema kwa kawaida huipangia umbali wa mbali, kisha mtu akavaa miwani ya kusomea. Ya pili ni lenzi ya multifokali, inayogawa mwanga ili mtu aone mbali na karibu, na bei yake inakaribia mara nne ya ile ya kwanza. Kuhusu lenzi ya kurekebisha mkunjo wa kioo cha mbele cha jicho (astigmatizimu), aliniambia kwamba mkunjo wangu ni mdogo na sina haja nayo.

Mwanangu anayefanya kazi Muscat anataka nichukue ya multifokali, na fedha ameshaziweka tayari. "Mama, jicho halina spea," ananiambia kila akipiga simu. Sipendi kumvunja moyo, kwa kuwa najua amezikusanya kwa jasho na kwamba hii ni njia yake ya kunienzi. Lakini nilipomuuliza daktari kama lenzi hiyo ina upungufu, alinijibu waziwazi kwamba, kwa kuwa mwanga hugawanywa, baadhi ya watu huona duara za nuru kuzunguka taa usiku, na kwamba uwezo wa kutofautisha vitu vya rangi zinazokaribiana huweza kupungua kidogo. Daktari, kwa mtu anayesoma gazeti, wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, "kidogo" huenda lisiwe jambo. Kwangu mimi nyeupe juu ya nyeupe ndiyo riziki, na hicho kidogo ndicho hasa ninachokihofia.

Kuna na jambo la presha ya jicho. Marehemu mama yangu alipofuka kwa ugonjwa huo. Mimi nilipopimwa, jicho la kulia lilitoa milimita 22 za zebaki, nikaambiwa kipimo cha kawaida hakizidi 21, kwa hiyo niko mpakani na nitafuatiliwa. Ikiwa siku moja ugonjwa huo utanipunguzia nuru, je, ni busara kuanza na lenzi ambayo yenyewe inagawa nuru?

Dada yangu mkubwa yeye anasema nisihangaike: aliwekewa ya monofokali ya kuona mbali, anaona msikiti mpaka mnarani, na miwani ya kusomea ameinunua dukani. Ni kweli, ingawa miaka miwili baadaye jicho lake lilifunga ukungu tena, likasafishwa kwa mwanga wa leza katika dakika chache. Mwanangu huutaja ukungu huo kama ushahidi kwamba lenzi ya bei nafuu haifai, ilhali dada aliambiwa kwamba kilichofifia ni utando ulio nyuma ya lenzi, si lenzi yenyewe. Naomba utuondolee ubishi huo: je, aliyewekewa multifokali hawezi kupatwa na hali hiyo?

Lakini dada yangu hakuwahi kuwa na macho ya hasi. Yeye kuona karibu kulikuwa kumeshamtoka zamani, kwa hiyo hakupoteza kitu. Mimi nikipangiwa mbali, nitapoteza kile nilichokuwa nacho maisha yangu yote, yaani kuvua miwani na kuona fundo la uzi. Ndiyo maana nimefikiria njia ya tatu ambayo hakuna aliyenitajia: lenzi ya monofokali iliyopangwa kwa karibu. Nilichukua tepu ya fundi, nikamwambia mjukuu wangu anipime kutoka jichoni hadi kwenye kofia nikiwa nashona. Tulipima mara tano, siku mbili tofauti, ikawa inarudi kwenye sentimita 33. Mwalimu mmoja mstaafu jirani yangu alinionyesha hesabu yake: sentimita 100 ukizigawa kwa tatu unapata 33, yaani jicho la hasi tatu, namba yangu ya zamani, huona wazi bila miwani kwa umbali huo. Miwani ya kuona mbali nitaendelea kuivaa barabarani, na hilo halinikeri hata kidogo baada ya miaka karibu hamsini. Zaidi ya hapo, jicho la kulia litakuwa karibu sawa na la kushoto, ilhali likipangwa mbali nitabaki na macho mawili yasiyolingana, na niliambiwa tofauti kubwa namna hiyo humfanya mtu aone kitu kimoja kwa ukubwa tofauti akivaa miwani.

Nina shukrani kwamba ninachagua kabisa. Daktari Mwingereza Harold Ridley aliweka lenzi ya kwanza London mwaka 1949, lakini nyanya yangu, aliyefanyiwa operesheni miaka mingi baadaye, alitolewa lenzi asirudishiwe nyingine, akavaa miwani mizito kama kitako cha gilasi hadi alipofariki.

Basi naomba unijibu haya. Je, daktari anaweza kukubali kupanga lenzi kwa karibu nikimwomba, na nimpelekee kipimo changu cha tepu? Aliniambia hesabu ya mashine inayopima jicho ili kuchagua lenzi huweza kukosea nusu namba juu au chini. Kwa hesabu ya mwalimu, hiyo ni kati ya sentimita 29 na 40, nami 40 ni mbali mno kwa mkono wangu. Je, ni afadhali niombe hasi tatu na robo ili kosa likitokea liniangukie upande wa karibu? Na ikiwa nitajuta, miwani itatosha kurekebisha, au ni lazima jicho lifunguliwe tena?

Natakiwa kutoa jibu hospitalini kabla ya tarehe 20, na kofia ya bwana harusi bado iko kwenye kikapu, ukanda nusu umeshonwa, nusu umefumuliwa.

Wako mwenye kukutegemea,
Mama mshona kofia, Lamu