Vitabu vya ubatizo vya mwambao wa ziwa vipigwe picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie mapadri, wachungaji na wazee wa kanisa wa mwambao wa Ziwa Victoria ombi moja: vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vilivyoandikwa kabla ya mwaka 1950 vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, na familia ziruhusiwe kuzisoma picha hizo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na huu ni mwaka wa tatu natafuta asili ya babu mzaa baba. Nilipoanza nilikuwa na imani, kama walivyo nayo wengi, kwamba watu wa vijijini hatuna kumbukumbu za maandishi. Aliyenitoa katika imani hiyo ni mgeni niliyekutana naye kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, karibu na Mwanza, Mmarekani Mweusi ambaye wazee wake walilima pamba Alabama kama wetu walivyoilima hapa. Alinieleza kwamba katika sensa za Marekani za mwaka 1850 na 1860 watumwa waliandikwa katika orodha ya peke yao: jina la bwana, kisha umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa, majina yao yakiachwa isipokuwa kwa nadra sana. Sensa ya 1870, miaka mitano baada ya utumwa kukomeshwa, ndiyo ya kwanza kuwaandika wote kwa majina. Ile ya 1890 karibu yote ilipotea kutokana na moto uliotokea Washington mwaka 1921, hivyo kati ya 1880 na 1900 yeye na ndugu zake wanategemea madaftari ya makanisa na makaburi ya mashambani, ambayo mengi hayana maandishi, bali hutambuliwa kwa jiwe lililosimikwa, udongo uliodidimia, au maua ya bustani yanayoendelea kuota porini mahali pasipo na nyumba.

Kwetu sensa haisaidii hata kwa kiasi hicho. Kuanzia ya 1948 hadi ya 2022, kinachotangazwa ni jumla za watu; jina la babu yako hutalikuta humo. Tena sisi hatuna jina la ukoo linalodumu, kwa kuwa jina la pili la mtu kwa kawaida ni la baba yake, na kila kizazi hubadilika. Kinachobaki ni kitabu cha ubatizo. Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, walifika Bukumbi mwaka 1883, na huko Nassa wamisionari wa Kianglikana walikuwa wameshafanya kazi kwa miaka mingi walipowaachia wenzao wa Africa Inland Mission mwaka 1909. Vitabu vya kwanza vya misheni za namna hiyo, pale vilipookoka, vina majina ya watu waliozaliwa kabla Mjerumani hajawa na mamlaka yoyote katika nchi hii.

Niruhusu nieleze nilichokikuta katika kimoja, nilichoonyeshwa kwa hisani ya paroko, kikarudishwa kabatini baada ya saa moja. Kila mstari una namba, tarehe, jina la mbatizwa, la baba, la mama, kijiji, msimamizi na padri, na pembeni pameongezwa ndoa kwa wino wa rangi nyingine. Babu aliitwa Shija, lakini sikumwona, mpaka nilipoanza kuisoma safu ya majina kwa sauti, ndipo nikagundua kwamba padri aliyezoea tahajia ya Kifaransa alikuwa ameandika Chija. Kwa Wasukuma jina hilo hupewa mtoto anayewafuata mapacha. Maana yake kabla ya babu walikuwapo Kulwa na Doto, ambao hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuwataja mbele yangu. Yule mgeni alikuwa ameniusia nisome pia mistari ya juu na ya chini, kwa sababu kwao jirani katika ukurasa wa sensa mara nyingi hutokea kuwa ndugu. Mistari miwili chini ya babu, siku hiyo hiyo, alibatizwa msichana mwenye mama yule yule na baba mwingine.

Hapo ndipo ninapoielewa hofu ya mapadri. Wapo walionikatalia kabisa, kwa hoja kwamba vitabu hivi vina siri za nyumba za watu, na baada ya kumwona shangazi huyo wa baba yangu siwezi kusema hoja hiyo ni ya bure. Jawabu lake, hata hivyo, limekwisha kupatikana kwingine. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1978, karatasi za sensa zenye majina hufungwa kwa miaka 72, ndiyo maana zile za 1950 zilifunguliwa Aprili 2022. Kanisa linaweza kuweka muda wake, hata miaka 100 likitaka, mradi uwe unajulikana na mtu asitegemee kama paroko ameamka vizuri siku hiyo.

Hofu yangu kubwa ni mchwa. Katika parokia moja, ambayo sitaitaja, niliambiwa vitabu vya zamani vimo katika gunia chini ya ngazi. Karani alilitoa kwa moyo mwema kabisa. Lilipofunguliwa, jalada la ngozi lilikuwa zima, na ndani yake palikuwa na udongo mwekundu na ncha za karatasi.

Makaburi nayo yana shida yake. Wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, familia nyingi zilihamishwa zikayaacha makaburi katika mahame, na kabla ya hapo, kwenye mvua kubwa za 1961 na miaka iliyofuata, ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2 na kufunika ardhi ya karibu na mialo. Kaburi la mama wa babu nilionyeshwa na bibi mmoja mzee sana, aliyeutambua mji wa zamani kwa minyaa ya uzio iliyobaki imesimama katikati ya shamba la mihogo la watu wengine. Asingekuwapo yeye, ningeyapita yale mawe nikidhani ni ya kutengenezea jiko. Halmashauri za walei zinazojua vijana wenye simu ziwatume kwanza kwa wazee wa aina hiyo, kwa sababu kitabu hata kwenye gunia kinaweza kumaliza mwaka mwingine.

Kwa parokia au kanisa lolote linalofikika kwa daladala au kivuko kutoka Mwanza, nitakuja kwa nauli yangu, na simu yangu, na kitambaa cheusi cha kutandika chini ya kitabu. Picha zote zitabaki kwa paroko.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Nyakato, Mwanza.