Tuzo ya majengo yanayopumua ianzishwe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Ofisi yangu hapa Dar es Salaam iko ghorofa ya nne, kuta zote vioo, madirisha hayafunguki. Umeme ukikatika, dakika kumi tu shati limelowa na tunashuka kukaa chini ya mwarobaini.

Mwaka 2004 shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, ilikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Msanifu majengo Francis Kéré aliichora kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, akainua bati juu ya dari ili hewa ya moto itoke yenyewe. Wanakijiji ndio walioijenga. Mwaka 2022 akapata Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya usanifu majengo, Mwafrika wa kwanza. Hata Turkana, Kenya, amejenga chuo chenye minara ya kupitisha hewa iliyoigwa kwenye vichuguu.

Bodi ya wasanifu na wizara waanzishe nchini tuzo ya majengo yanayopitisha hewa yenyewe namna hiyo, na majaji waingie ndani ya jengo saa nane mchana, viyoyozi vikiwa vimezimwa.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam