Kinywa kikavu hakiponi kwa maji peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu tatizo la kinywa kukauka, ambalo wengi wanaolilalamikia hurudishwa nyumbani na jibu moja tu: kunywa maji mengi. Jibu hilo si baya, ila halitoshi, kwani mtu anaweza kunywa maji kutwa nzima na bado akaamka usiku ulimi umemgandia kaakaani.

Kinachokosekana hapo ni mate, na mate si maji matupu. Mtu mzima mwenye afya hutoa takriban nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, na ndani yake mna kalsiamu na fosfeti zinazokarabati tabaka la nje la meno, pamoja na chumvichumvi zinazopooza asidi itokanayo na bakteria kila tulapo vitu vitamu. Mate yakipungua, meno huoza haraka, hasa pale yanapokutana na ufizi, fangasi hustawi, na mkate mkavu haumezeki bila kusukumwa na maji. Daktari wa meno aliye makini huona dalili mapema: kioo chake kidogo, ambacho kwa kawaida huteleza, hunata shavuni kwa ndani.

Ninalotaka kulisisitiza ni suala la dawa. Zipo dawa mamia zinazoweza kukausha kinywa, zikiwamo baadhi ya zile za mzio, za sonona, za shinikizo la damu na za kibofu, na anayemeza kadhaa kwa pamoja, kama wafanyavyo wazee wengi, huwa hatarini zaidi. Hata hivyo, wangapi huelezwa hivyo wanapokabidhiwa dawa zao? Sentensi moja dirishani ingetosha. Mgonjwa naye asiache dawa kwa uamuzi wake, bali apeleke orodha yote kwa daktari au mfamasia, kwa kuwa mara nyingine dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa. Dawa zikionekana hazihusiki, achunguzwe kisukari, na kama macho nayo yanamkereketa kana kwamba yana mchanga, aseme, kwani huenda ni ugonjwa wa Sjögren, ambamo kinga ya mwili hushambulia tezi za mate na za machozi.

Wakati chanzo kikitafutwa, maji yanywewe kwa mafunda madogo, na chingamu isiyo na sukari itafunwe ili kuziamsha tezi zilizo hai. Pipi za sukari na ndimu, ambazo wengi huzikimbilia kwa kuwa huleta mate papo hapo, huyaumiza meno yaliyokwisha kupoteza kinga yake. Vivyo hivyo dawa za kusukutua zenye alkoholi huzidisha ukavu. Dawa ya meno yenye floraidi haikwepeki. Kwa waliopigwa mionzi ya saratani ya kichwa au shingo, ambao tezi zao huenda zisirudi katika hali ya awali, yapo mate bandia na ipo pilokapini, dawa inayochochea tezi kutoa mate, ingawa hii ya mwisho hutolewa na daktari tu na haiwafai baadhi ya wagonjwa wa pumu na wa presha ya macho.

Msomaji wako