Binti yangu anamchapa pupe (mwanasesere) wake: niingie mchezoni au nimwache?

Mama mshauri,

Ninakuandikia kutoka Kadutu, hapa Bukavu, kuhusu binti yangu wa miaka 2 na miezi 7. Kama watoto wengi, alianza kuigiza kabla hata hajajua kusema vizuri: kizibo cha bidoni kilikuwa sufuria, vijiwe vilikuwa samaki wadogo wa sambaza, na kila aliyepita uani alilazimika kuonja. Hayo yalitufurahisha hadi mama mkwe wangu alipomshonea pupe kwa mabaki ya kitenge.

Kila asubuhi humbeba pupe huyo mgongoni, humlisha, humlaza, kisha ghafla humchapa na kumfokea, "Nyamaza! Unalilia nini?" Nilipomwambia ampe pole, alitamka "pole" bila kumtazama, akamchapa tena. Siku mbili baadaye mtoto wa jirani aliteleza kwenye matope akalia, naye binti yangu akamwendea na kumfokea maneno yale yale. Kilichonichoma, na ninaona haya kukiandika, ni kwamba sauti ile ilikuwa yangu: ndivyo ninavyosema jioni nikitoka sokoni, huku maji bado sijayapandisha mlimani.

Mama mkwe anasema kitambaa hakiumii, mtoto ataacha akikua. Dada yangu, ambaye ni mwalimu wa chekechea, anaona vingine: kwamba wengi hukaribia miaka 4 ndipo waweze kuelewa vizuri kuwa mwenzao ana mawazo tofauti na yao, lakini hata mtoto wa miaka 2 huweza kumpelekea anayelia kitu cha kumtuliza. Alinishauri nimsemee pupe. Basi juzi, alipochapwa, nilisema kwa sauti nyembamba, "Mama, goti linaniuma." Binti alinyamaza, akalipuliza lile goti la kitambaa, akamfunika pupe kwa kitenge changu. Jana alimchapa tena, akanigeukia akingoja pupe aseme, na nikabaki sijui kama anajifunza huruma au amepata tu njia mpya ya kunichezesha.

Je, niendelee kumsemea pupe kila anapopigwa, au nimsemee pale tu anapotunzwa? Na nikiigiza mimi mama aliyefoka, kisha nikamwomba pupe msamaha, mtoto wa umri huu ataelewa, au nianze kwa kumwomba msamaha yeye mwenyewe?

Mama wa Kadutu, Bukavu